Kadi Isiyofutika

Alikuja saa kumi jioni, mpiga picha wa harusi, begi la kamera bado begani. "Fundi, memori kadi imegoma kufomati. Kompyuta inaniambia imelindwa. Na kesho nina kazi."

Nikamuuliza ninachomuuliza kila mtu kabla sijagusa kitu: picha zilizomo umeshazikopi? Akasema zote. Halafu akanyamaza. "Hebu ngoja, za kuingia ukumbini sikumbuki." Tukazikopi kwanza. Kadi inayokataa kuandikwa mara nyingi bado inakubali kusomwa, ila haikuahidi hadi lini.

Kisha nikaanza na la kipuuzi. Kadi kubwa ya SD ya kamera ina kitelezi ubavuni. Kikishushwa, kompyuta inaiona imefungwa. Wasichojua wengi ni kwamba kitelezi kile hakijaunganishwa na chochote ndani ya kadi. Ni kiplastiki tu, na kinachokihisi ni kisomeo unapochomeka. Kwa hiyo kisomeo kibovu kinaweza kuizushia ugonjwa kadi nzima. Na kitelezi kikivunjika, nabandika selotepu kwenye ule mwanya, inaandika kama kawaida. Kitelezi cha kadi yake kilikuwa sawa, na kisomeo changu cha pili kilitoa jibu lilelile.

Nikafungua diskpart, programu ya kusimamia diski, nikaondoa alama ya kusoma tu, nikaamuru isafishwe. Hapa namba ya diski huwa naisoma mara mbili, kidole kwenye kioo. Nilipokuwa najifunza kazi nilichagua 1 badala ya 2, nikafuta eksteno ya tajiri wangu. Tuyaache hayo.

Ikasema imemaliza. Nikafomati, ikakubali, jamaa akaanza kutabasamu. Nikaichomoa, nikairudisha. Bibi harusi yuleyule, anakata keki ileile.

Nikiona hivyo naweka mikono chini. Ndani ya kadi kuna chipu inayosimamia uandishi. Seli za kumbukumbu huchoka kwa kuandikwa na kufutwa, na uharibifu ukizidi, chipu za kadi nyingi hufunga mlango wa kuandika ili kilichomo kisipotee. Inapokea amri yako, inaitikia, haitekelezi. Huko hakuna kirusi cha kuua, na fundi anayekutoza hela ya "kuiflashi" anakula pesa yako bure.

Akavuka barabara, akarudi na mpya iliyoandikwa GB 64, bei ya kushangaza. Nikaichomeka, nikafungua H2testw, inayojaza kadi yote kisha kusoma ilichoandika. Kadi feki huidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. GB 8 za kweli zikijaa, picha zinazofuata zinapotelea hewani, na mpiga picha hugundua akishafika nyumbani.

"Inachukua muda gani?" akauliza.

Nikamvutia stuli.