Miaka Minne kwa Ajili ya Darasa la Kwanza

Grand Rapids, Michigan

Shangazi,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni, na ulipofika pale uliposema, "Hivi chuo kikuu miaka minne, kisa kumfundisha mtoto wa miaka sita kusoma?" mke wangu alicheka mpaka akaacha kusonga ugali. Kisha ukaongeza lile la pili, la kichokozi zaidi: kama chuo chenyewe ni cha Kikristo, huyo binti atatoka mwalimu au mwinjilisti? Maswali ya mstaafu aliyeshika chaki tangu enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, hayajibiwi kwa ujumbe mfupi. Wasomaji wa safu hii watuvumilie leo tukizungumza ya ukoo mbele yao.

Binti mwenyewe ni wa majirani zetu. Wazazi wake ni Wakongo wa Kivu Kusini waliokimbilia Nyarugusu, kule Kigoma, kwetu Tanzania, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Alizaliwa humo na shule akaianzia humo, kwa mtaala wa Kongo. Familia kama yake ni nyingi hapa mjini. Ukiingia duka la vyakula vya Kiafrika Jumamosi unaondoka na unga wa muhogo, dagaa na mawese bila kutamka neno moja la Kiingereza. Sasa yuko mwaka wa tatu pale Chuo Kikuu cha Calvin, na mama yake ameshaacha kumwita kwa jina. Anamwita Mwalimu.

Calvin kilianzishwa mwaka 1876 na wahamiaji wa Kiholanzi wa kanisa la Christian Reformed, na mpaka 2019 kiliitwa koleji kabla ya kubadili jina kuwa chuo kikuu. Usikidhanie chuo cha Biblia. Kinafundisha uhandisi na uuguzi pia, na wakufunzi wake wa elimu hawaamini kwamba ukishapachika aya ya Injili pembeni ya hesabu basi somo limekuwa la Kikristo. Binti ananisimulia kwamba mmoja wao alirudisha andalio la somo la kuzidisha ambalo mwanafunzi alilijaza Zakayo na habari ya kulipa mara nne. Alitaka kwanza aone kuzidisha.

Fikra hiyo wameirithi kwa Abraham Kuyper, mchungaji wa Uholanzi aliyekuwa pia mhariri wa gazeti, akaanzisha chuo kikuu Amsterdam mwaka 1880, na akawa waziri mkuu kuanzia 1901 hadi 1905. Kwake hakuna pembe ya maisha iliyo nje ya himaya ya Mungu. Kwa hiyo hesabu iliyofundishwa vizuri inamtukuza Mungu kama ilivyo, na iliyofundishwa ovyo haiokolewi na sala ya kufungulia kipindi. Mimi, niliyesomeshwa na watu waliosali vizuri na kufundisha vibaya, hapo niliwaelewa mara moja.

Tena hata wangetaka wanafunzi wao wakahubiri kwenye shule za umma, sheria isingewaruhusu. Wewe umezoea kipindi cha dini: padri darasa hili, shehe darasa lile, na shule ni ya serikali. Huku hakuna. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba shule ya umma haiwezi kupanga sala ya kuwasalisha wanafunzi, na mwaka uliofuata ikakataza usomaji wa Biblia kama ibada ya kila asubuhi. Mtoto anaweza kusali mwenyewe, hakuna wa kumzuia, na mzazi akiridhia anaweza hata kutoka saa za masomo kwenda kufundishwa dini nje ya shule. Hilo liliamuliwa mwaka 1952. Lakini mwalimu akiwa amesimama mbele ya darasa ni sauti ya serikali. Kwa hiyo chuo cha kanisa kinamwandaa mtu anayeweza kufundisha maisha yake yote bila kumtaja Yesu mbele ya wanafunzi wake. Hapo swali lako la mwinjilisti limejibika.

Sasa kusoma, maana hapa ndipo miaka inapokwenda. Wewe ulikuwa na bahati: Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Mtoto akishashika a, e, i, o, u, ukamuungia ba, be, bi, bo, bu, kufikia likizo ya Juni anakusomea kichwa cha habari cha gazeti hata kama hajui kinasema nini. Mtoto wa Kiingereza hana njia hiyo ya mkato. Herufi nne tu, ough, zinatamkwa kwa namna zaidi ya tano kutegemea neno zilimo. Kwa miaka mingi shule nyingi za Marekani zilikwepa ugumu huo kwa kumwambia mtoto abahatishe: tazama picha, tazama herufi ya kwanza, fikiri ni neno gani lingefaa hapo. Wenye akili ya kukisia walionekana wanasoma. Picha zilipopungua vitabuni, kwenye darasa la nne, wakakwama.

Mwaka 2000 jopo la kitaifa lililoundwa kwa ombi la Bunge lilitoa ripoti iliyotaja mambo matano: kutambua sauti ndani ya neno, kuoanisha sauti na herufi, kusoma kwa mtiririko, msamiati, na ufahamu. Wewe ungeiita KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ukaendelea na kazi. Huku vita vya mbinu za kufundisha kusoma bado havijaisha. Jimbo hili la Michigan lilitunga sheria mwaka 2016 kwamba mtoto asiyeweza kusoma mwishoni mwa darasa la tatu akaririshwe. Kipengele hicho kikafutwa 2023. Na 2024 ikaja sheria nyingine inayotaka watoto wapimwe mapema ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao, na vyuo viwaandae walimu kuutambua.

Ndiyo maana binti wa watu hukaa na mtoto mmoja mezani, anamsikiliza akisoma ukurasa, anatia alama kila neno lililomtoka vibaya, halafu anaandika ripoti: kateleza kwenye sauti, kwenye herufi, au hajawahi kulisikia neno lenyewe? Wiki inayofuata anarudi kwa mtoto yuleyule. Nakusikia ukisema, mtoto mmoja! Mimi nilikuwa na tisini. Kweli, Shangazi, na kwa tisini hao ulifanya kazi ambayo hakuna mkufunzi wa hapa angeiweza. Lakini jiulize ni wangapi walikaa nyuma wakifungua midomo pamoja na wenzao huku hawasomi chochote, na hukuwa na namna ya kuwajua.

Hapo ndipo naona nchi yetu ilituchezea. Kwa miaka mingi mwenye alama za juu alikwenda chuo kikuu ili akafundishe sekondari, na mwenye alama za chini akapewa darasa la kwanza pamoja na cheti cha miaka miwili. Nyinyi wa UPE ndio msiseme, mlitolewa darasa la saba mkaanza kufundisha huku mnajifunza ualimu jioni. Mliibeba nchi, sibishi. Lakini yule aliyedhani kwamba mtoto mdogo anahitaji mwalimu mdogo alikosea, na kosa hilo tumelilipia kwenye kila darasa lililofuata.

Na binti tulizungumza pia habari ya fimbo, na nilijua utataka kuisikia. Michigan viboko shuleni ni marufuku, ingawa yako majimbo ya kusini ambako bado vinaruhusiwa kisheria. Binti huyu alikulia kwenye shule ya kambini ambako fimbo ilikuwa juu ya meza sambamba na chaki. Siku darasa lao lilipojadili adhabu, wenzake wa Kimarekani walishangaa kwamba aliwatetea walimu wake. Hakutetea fimbo. Alisema mwalimu mwenye watoto mia, bila madawati na bila mshahara wa maana, hakuwa na kitu kingine mkononi. Mkufunzi akauliza: je, mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anapigwa kwa sababu amekosea kujumlisha? Somo la teolojia likageuka somo la saikolojia ya mtoto, na likaishia kwenye mambo ya vitendo kabisa: wapi umkalishe mtoto msumbufu, umpe kazi gani mkononi, umwambie nini mama yake ukimpigia simu. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipindi bora alichonisimulia.

Mengine nayapitisha haraka. Lazima achukuliwe alama za vidole na kuchunguzwa kama ana rekodi ya uhalifu. Lazima afaulu mtihani wa jimbo kwa ngazi ya madarasa anayotaka, na awe na cheti cha huduma ya kwanza, pamoja na kumfufua mtoto aliyezimia. Akihisi mtoto anateswa nyumbani, sheria inamlazimu atoe taarifa yeye mwenyewe, asingoje mwalimu mkuu. Na kuna BTP, yaani mazoezi ya kufundisha darasani, muhula mzima.

Na BTP haina mshahara. Mwaka 2022 jimbo lilianza kuwapa wanaofanya mafunzo hayo posho ya hadi dola 9,600 kwa muhula, baada ya kuona vijana wanaikimbia fani. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenyeji wangu Wakristo. Wanalipenda mno neno wito. Ada ya vyuo hivi ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka kabla ya ufadhili, wengi hutoka na deni, na mpango wa serikali kuu wa kuwafutia walimu mikopo humpunguzia mwalimu wa kawaida wa shule ya msingi hadi dola 5,000 tu, tena baada ya kufundisha miaka mitano mfululizo kwenye shule ya watoto wa kipato cha chini. Mtu akilalamika, anakumbushwa wito. Kwetu walikuambia hivyohivyo, Shangazi, malimbikizo yako yalipochelewa. Sijawahi kumsikia mtu akimwambia mhandisi kwamba daraja ni wito.

Sasa kuna mvutano nyumbani kwao. Mama na mchungaji wao wanataka akafundishe shule ya Kikristo. Shule hizo Waholanzi walizianzisha wenyewe, na nyingi humilikiwa na vyama vya wazazi wala si kanisa. Kule Uholanzi serikali inazilipia shule za dini sawa na za umma tangu mabadiliko ya katiba ya 1917. Huku, katiba ya Michigan ilirekebishwa mwaka 1970 kuzuia fedha za umma zisiende shule binafsi, kwa hiyo mzazi analipa kodi, halafu analipa ada. Mishahara ya walimu nayo kwa kawaida ni midogo kuliko ya shule za umma. Binti anataka shule ya umma, kwenye mitaa ambako watoto wanaingia darasani na Kiswahili, Kinyarwanda na Kihispania. Anasema hao ndio wanaoambiwa hawajui kusoma kumbe hawajajua Kiingereza, na atakayeona tofauti hiyo ni mtu aliyewahi kukaa upande wao wa dawati. Mama hajakubali bado. Mimi niko upande wa binti, na nimeshamwambia mama yake.

BTP yake inaanza Septemba. Nakuomba umrekodie ujumbe wa sauti, mrefu upendavyo. Mweleze ulivyokuwa ukiwanyamazisha watoto tisini bila kupaza sauti, na ulivyomjua mwenye njaa kabla hajasinzia. Hayo hayamo kwenye vitabu vyao. Kiswahili chako cha Mpwapwa atakielewa, na asipoelewa nitamfafanulia. Ila ya fimbo, tafadhali, yaache.

Mwanao,
Grand Rapids