Safari ya karatasi, kutoka Butembo mpaka Beni

Wewe unayekaa karibu na machimbo, bila shaka umekwisha kuona namna mnunuzi wa dhahabu anavyofunga vumbi lake katika kipande kidogo cha karatasi. Anakunja mara mbili, mara tatu, anaingiza ncha ndani, na hakuna chembe inayoanguka. Mkono unaojua kukunja vile unaweza kufanya na mengine: bahasha, maua ya arusi, mapambo ya siku ya komunyo ya kwanza, hata kaye ya mtoto. Sasa unajiuliza: nianze na vyombo gani? Twende pamoja tukavitafute.

Tuanze Butembo, mji wa vilima na wa wachuuzi. Ekweta inapita kusini yake kidogo tu, lakini usiache koti nyumbani: mji uko karibu meta 1,700 juu ya bahari, na asubuhi kuna baridi. Ukiingia katika butike na kuuliza bei ya sizo nzuri au ya kole ya chupa, usikasirike. Bidhaa nyingi zinashuka melini Mombasa, zinapanda lori, zinapita Kenya na Uganda, zinavuka mpaka Kasindi, zinafika Beni, kisha zinapanda mpaka huku. Kila kituo kinaongeza bei yake. Basi mwenye franga kidogo ajue kwanza kipi cha kununua na kipi cha kujitengenezea.

Nunua vitu vitatu. Cha kwanza, wembe; uupasulie kijiti na kuufunga ndani yake kwa uzi ili usikukate. Cha pili, rula ya chuma, juu ile ya mbao wembe utaila. Cha tatu, sindano nene na uzi wenye nguvu. Sizo ni nzuri ukiipata, lakini usiazime ile ya fundi wa kushona nguo: karatasi inaua makali yake, na mtagombana bure.

Vingine viko nyumbani. Ubao laini ni meza yako ya kukatia. Mgongo wa kijiko unakaza mkunjo mpaka unyooke. Kole, mama anayo jikoni: kijiko kimoja cha unga wa muhogo uliochekechwa vizuri, vijiko sita vya maji baridi, koroga kwanza, kisha weka juu ya moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka igeuke kuwa kama kioo. Ikipoa iko tayari.

Na karatasi ngumu? Tafuta mfuko wa simenti, ule wa karatasi, siyo wa nailoni. Ukung'utie nje, pua na mdomo vimefungwa kitambaa, na watoto wawe mbali. Vumbi la simenti linaunguza ngozi na kuharibu mapafu. Tumia tabaka za katikati tu. Lakini karatasi hiyo usifungie mikate wala karanga hata siku moja. Si ya chakula.

Jambo moja zaidi, na wengi hawalijui: karatasi ina njia yake, sawasawa na ubao. Chana kipande kutoka juu kwenda chini, kisha kingine kutoka upande kwenda upande. Pahali pamoja kitachanika wima, pengine kitapinda ovyo. Kule kunakochanika wima ndiko njia iliko. Ukikunja kwa kufuata njia, mkunjo unatii. Ukiikata njia, karatasi inakasirika, na ukiipaka kole inajipinda.

Sasa tuchukue barabara ya kwenda Beni, kilometa zipatazo 50. Uliza habari za njia kabla ya kuondoka. Tunapita Maboya na Kabasha, tunashuka, koti linavuliwa, na migomba na kakao inaongezeka. Huku kwenye joto kole ya muhogo inachacha upesi, kwa hiyo pika ya siku moja tu. Karatasi zako zilaze chini ya ubao, mbali na udongo, juu ya mchwa.

Kwa nini nimekuleta mpaka Beni? Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji yamefukuza watu wengi sana katika vijiji vya kando yake. Anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria. Kaye zinabaki nyumbani. Kisha mwezi wa 9 unafika, shule zinafunguliwa, na mtoto asiye na kaye anaona haya, anabaki nje. Kwenye machimbo unajua mwenyewe anakokwenda: shimoni.

Basi fanya hivi. Mwisho wa mwaka wa shule, kusanya kaye za zamani za nyumba yako na za jirani. Kata kwa wembe kurasa ambazo hazikuandikwa. Zipange zilingane. Toboa matundu matatu ukingoni, upana wa kidole kutoka mwisho. Ingiza sindano katika tundu la katikati, rudi kwa la juu, shuka mpaka la chini, rudi tena katikati, funga. Bandika jalada la mfuko wa simenti kwa kole yako, njia ya karatasi ikifuata mshono. Weka jiwe juu yake usiku kucha.

Vijana wa kwaya wakikaa Jumamosi moja alasiri na vyombo hivi, wanaweza kumaliza kaye nyingi. Kaye ya kwanza itakuwa imepinda. Usiitupe. Mpe mtoto, yeye hatazami jalada, anatafuta pahali pa kuandika jina lake.