Damu ilikoma, mimi ningali hapa

Katika kikundi chetu tunaongea juu ya mambo mengi: likelemba, masomo ya watoto, bei ya makala, mabinti wanaopata mimba shuleni. Juu ya kukoma kwa damu ya mwezi hatuongei. Tunanong'ona wawili wawili wakati wa kutoka, tena kwa maneno ya kuumiza. "Yule amekauka." "Yule amekwisha." Mimi nina miaka 52, damu yangu imekoma yapata miaka miwili sasa, na hayo maneno yamenichosha. Ninataka kusema namna nilivyoipita njia hii, maana wengi wenu mko njiani na wengine mmekwisha kufika.

Ilianza kwa joto. Bukavu yetu iko juu, karibu mita 1,500, na usiku wa mwezi wa saba baridi inaingia hadi chini ya blanketi. Lakini mimi niliamka nimelowa kama mtu aliyenyeshewa. Mchana nikiwa mbele ya ubao, chaki mkononi, moto ulipanda kutoka kifuani mpaka kwenye nywele, moyo ukienda mbio, na watoto wa mwaka wa tano wakinitazama. Kwetu, mtu akitoka jasho usiku, neno la kwanza ni malaria. Nikapimwa: hakuna. Baada ya wiki mbili nikapimwa tena: hakuna. Muuza dawa mmoja alitaka kuniuzia dawa ya malaria hata hivyo, eti kwa usalama. Ni muuguzi wa kituo cha afya, mama wa umri wangu, aliyeniuliza: "Mwalimu, damu yako ya mwezi inakuja namna gani?" Ilikuwa inaruka. Miezi miwili hakuna, kisha inakuja kwa nguvu. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Basi si mbu."

Alinieleza kwa maneno ambayo ningependa kila mama ayapate. Mwanamke anazaliwa akiwa na mayai yake yote tumboni. Yanapungua mwaka kwa mwaka, na yanapokaribia kuisha, vifuko vinavyoyatunza vinapunguza homoni inayoitwa estrojeni. Sehemu ya ubongo inayoongoza joto la mwili inavurugika. Inadhani umepata moto, inafungulia jasho. Kwa wengi inafika kati ya miaka 45 na 55. Tunahesabu kwamba damu imekoma kweli ikipita miezi 12 mfululizo bila hata tone. Si ugonjwa, si laana, wala hakuna jirani aliyekuroga. Ila ikimfikia mtu kabla ya miaka 40, aende kumwona daktari.

Kujua tu kulinipunguzia nusu ya mzigo. Nusu nyingine ilikuwa nyumbani.

Wifi yangu mmoja alikuja kututembelea, akaniona ninajipepea kwa daftari la watoto. Akasema mbele ya binti zangu: "Wifi, wewe sasa umefika mwisho. Kaka yangu angali kijana." Kaka yake ana miaka 58 na anakoroma tangu saa mbili ya usiku, lakini nilielewa alichotaka kusema. Nyumba ngapi tumeona, mama akikoma kuzaa, mume anafungua nyumba ya pili na familia inanyamaza kana kwamba ni haki yake? Neno hilo lilinilaza macho siku kadhaa, kuliko hata lile joto.

Na kwa kweli kitandani mambo yalikuwa magumu. Niseme wazi, tuko wamama peke yetu hapa. Estrojeni ikipungua, njia ya uzazi inakuwa kavu na nyembamba ngozi, na tendo la ndoa linauma. Mimi niligeukia ukutani bila kusema kitu. Yeye hakuuliza. Tulikaa hivyo miezi, kila mmoja na mawazo yake. Usiku mmoja nikamwambia: "Baba, si kwamba ninakukataa. Mwili unauma, na muuguzi amenieleza sababu." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo hakuna mwingine?" Mtu mzima yule, baba wa watoto wetu watano, alikuwa amelala na swali hilo miezi yote! Tulicheka mpaka binti akagonga ukuta.

Dawa yake kwetu ilikuwa kwenda polepole, na mafuta maalumu yenye asili ya maji yanayopatikana katika baadhi ya famasi. Wenye kutumia kondomu wasipake mafuta ya kupikia wala ya kujipaka ngozini, maana yanaidhoofisha mpira na unapasuka. Na msidanganyike kwamba damu ikianza kuruka mimba haiwezekani tena. Mwenye miaka zaidi ya 50 aendelee kujikinga mpaka mwaka mzima upite bila damu. Aliye chini ya hapo, miaka miwili. Tunawajua watoto waliokuja wakati mama zao wameshagawa nguo za kichanga.

Sasa yale mazuri, kwa sababu yapo, na siyasemi kwa kujifariji.

Mama yangu mkubwa alizaa mara tisa. Tangu miaka 17 hadi 43 hakukaa miaka miwili bila mimba au mtoto mgongoni. Damu ilipokoma, alifunga kikwembe vizuri akaanza kushuka Uvira kununua ndakala na kuziuza huku juu. Alikuwa anatuambia sisi wasichana kwamba hapo ndipo alipoanza kuiona barabara. Hakuna aliyemwuliza ruhusa ya kulala ugenini ilikuwa ya nani. Nilimsikia nikiwa mtoto na sikuelewa. Ninaelewa leo, ninapopanga mwezi wangu bila kuhesabu siku, bila hofu ya mimba, na pesa ya pamba imebaki mfukoni (mabinti watatu nyumbani wanaimaliza hata hivyo).

Mwaka jana kulikuwa kikao cha familia. Walitaka kumwoza binti wa miaka 16. Mahari ilikuwa imekwisha kuongelewa. Zamani ningekuwa jikoni nikisonga bugali na kusikiliza kupitia mlango. Safari hii niliketi katikati nikasema hapana, sheria ya nchi yetu inasema miaka 18, na mtoto ana mtihani wa kufanya. Wazee walinitazama. Mmoja akasema: "Mama amekuwa mkubwa, tumsikilize." Binti yuko shuleni. Sijui ni umri, au ni hiyo estrojeni iliyoondoka na woga wangu.

Lakini kufurahi hakuna maana ya kufumba macho. Mifupa inapoteza nguvu haraka katika miaka ya kwanza, na tansio inapenda kupanda. Ninakula sambaza na ndakala nzima pamoja na mifupa yake, sombe, maharage, maziwa yakipatikana, na vilima vya mji wetu ninavipanda kwa miguu ninapoweza. Kwa joto la usiku: nguo nyepesi ya pamba, kikombe cha maji karibu na kitanda, pombe na pilipili kidogo jioni. Mtu ambaye joto linamzuia kabisa kulala au kufanya kazi, zipo dawa za homoni, ila ni daktari wa kuamua. Kwa mfano, aliyewahi kuwa na kansa ya matiti kwa kawaida hapewi. Ule unga unaouzwa sokoni wa "kurudisha damu" muuache pale pale. Damu hairudishwi, na hakuna sababu ya kuirudisha.

Na hili mlishike: mama aliyekaa mwaka mzima bila damu, kisha akaona damu tena, hata kidogo, asifurahi kwamba ujana umerudi. Aende kupimwa wiki hiyo hiyo. Mara nyingi ni jambo dogo, lakini inaweza kuwa kansa ya tumbo la uzazi au ya mlango wake, na ikionekana mapema inatibika vizuri zaidi.

Muuguzi yule amekubali kuja kwenye kikao chetu cha siku ya posho, na ataleta kipimo cha tansio. Wenye kuona haya waandike swali lao kwenye karatasi bila jina. Sanduku liko kwa mweka hazina. Mimi swali langu nimekwisha kulitia.