Panya Waliokataa Kuugua

Katikati ya miaka ya 1990 nilikuwa mwanafunzi Marekani, katika maabara iliyochunguza endotoksini, sumu iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria kama salmonela. Niliwadunga panya sindano za sumu hiyo, nikasubiri, kisha nikachukua damu, ini, mapafu na wengu.

Tulifuga aina mbili, C3H/HeN na C3H/HeJ. Ni koo za karibu mno. Bila kusoma kibandiko cha kizimba nisingewatofautisha. Tuliwapa dozi ileile. Baada ya saa chache HeN walijikunyata pembeni, manyoya yamesimama, wakitetemeka, na wengi hawakuiona jioni ya pili. HeJ waliendelea kula.

Damu ilieleza sababu. Kwa HeN, protini iitwayo TNF, inayotolewa na seli za ulinzi za mwili, ilipanda kwa kasi, ikafika kileleni kama saa moja na nusu baada ya sindano, ikashuka, huku viungo vikianza kuharibika. Kwa HeJ ilikuwa haba sana. Mwaka 1985 watafiti Bruce Beutler na Anthony Cerami walikuwa wameonyesha kwamba panya waliokingwa dhidi ya TNF walistahimili sumu hiyo. Kwa hiyo muuaji alikuwa mwili wenyewe: seli zake za ulinzi zilifanya kama majirani waliokuja kuzima moto wakaibomoa nyumba.

Lakini seli hizo ziliitambuaje sumu? Desemba 1998 kundi la Beutler, huko Dallas, lilichapisha jibu. HeJ wana hitilafu kwenye jeni ya Tlr4, inayotengeneza kipokezi cha endotoksini. Katika nafasi ya 712 prolini imebadilishwa na histidini. Asidi moja ya amino, katika protini yenye zaidi ya mia nane! Niliisoma makala ile mara nyingi, nikiwakumbuka wale panya wakitafuna chakula chao.

Wengi walitamani kukizima kipokezi hicho kwa wagonjwa wa sepsisi, hali ambapo mwili huitikia maambukizi kiasi cha kujidhuru. Mimi nilikuwa na hofu, kwa kuwa HeJ hao hao, wakiambukizwa salmonela hai, hufa upesi kuliko wenzao: bila ishara inayotolewa na kipokezi hicho, bakteria huzaliana bila kizuizi. Tena mgonjwa hufika hospitali ishara zikiwa zimekwisha kusambaa. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la eritoran, dawa ya kuziba kipokezi hicho. Haikupunguza vifo.