Kulala Kando ya Mto Tana

Wakazi wengi wa Nairobi wadhani kwamba kulala hemani ni anasa ya watalii, na mtu mwenye nyumba yake akienda kulala nje kwa hiari huulizwa kama amegombana na mkewe. Mimi niliulizwa hivyo huko Kangemi, nilipoonekana nimebeba hema na sufuria. Niliwajibu majirani kwamba nakwenda mtoni na binamu zangu wawili, wakazidi kucheka, maana mto tunao pale pale bondeni.

Ni kweli tunao. Mto Nairobi huanza katika kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, hupita katika mitaa yetu ya magharibi, kisha huingia mjini. Jina lenyewe la mji latokana na maneno ya Wamasai yenye maana ya maji baridi. Lakini maji hayo siku hizi hayafai hata kunawia miguu, sembuse kupigia kafi. Na lile bwawa la upande wa Lang'ata, lililojengwa mwaka 1953, ambako zamani watu walishindana kwa mashua za tanga, lilikuja kumezwa na magugu. Basi atakaye mtumbwi sharti kwanza apande matatu.

Sisi tulipanda yetu karibu na River Road, tukafika Sagana, mwendo wa kilomita 100 hivi. Hapo Tana bado ni kijana. Maji yake yatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, nayo husafiri yapata kilomita 1,000 hata kufika baharini karibu na Kipini. Wala watu wa Nairobi wasiuone kuwa ni mto wa wengine. Bwawa la Ndakaini, liupalo mji sehemu kubwa ya maji yake, limejengwa katika mto Thika, ambao huingia Tana. Na umeme wa Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere ni nguvu ya Tana ule ule.

Tulikodi mitumbwi miwili, tukapewa maboya ya kuvaa kifuani, na mzee mmoja mzaliwa wa hapo awe kiongozi wetu. Kambini hapafiki gari. Unga, maharagwe, makaa na maji ya kunywa, vyote huenda kwa mtumbwi, na mtu hujua upesi kipi ni cha lazima: binamu yangu mdogo alikuja na redio kubwa, ikabaki Sagana. Sehemu ile mto ulikuwa umetulia. Maporomoko makali yako chini zaidi, na mzee hakupenda hata kuyataja.

Jioni vijana waliona mchanga mweupe ukingoni, laini kama godoro, wakaanza kushusha mizigo.

"Hapana, wanangu," mzee akasema. "Hicho ni kitanda cha mto. Mwenyewe akirudi usiku mtamwambia nini?"

"Lakini Mzee, hakuna hata wingu!"

Mzee hakubishana. Alituonyesha majani makavu yaliyonasa katika matawi ya mti, juu ya kifua cha mtu mzima. Yalipelekwa pale na mafuriko. Tukapandisha kila kitu kilimani, mitumbwi pia, tukaifunga mtini. Palikuwa na mawe na tulinung'unika sana.

Usiku ule nyota zilijaa, wala halikuanguka tone. Yapata saa nane niliamka kwa sababu sauti ya mto ilikuwa imebadilika. Mawe yalikuwa yakigongana chini ya maji. Nilimulika tochi, nisiuone mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko milimani, na Tana ulipita mwekundu ukichukua magogo. Binamu yangu mdogo alisimama kando yangu asiseme neno.

Hatukulala tena. Nikawakumbuka watu wa Mathare, ambao mwezi wa Aprili 2024 mto uliwaingilia nyumbani, wengine wakafa. Baadaye Serikali iliamuru watu wahame umbali wa mita 30 kutoka mito, na nyumba nyingi zikabomolewa. Amri ya kuacha kitanda cha mto ni ya haki, nami nimeona sababu yake kwa macho yangu. Walakini sisi tulikuwa na kilima cha kupanda. Mpangaji wa Mathare hakuchagua ukingo kwa uzuri wa mchanga, alichagua kodi aliyoiweza; ukimwondoa bila kumwonyesha kilima chake, atarudi pale pale.

Kulipopambazuka mzee alichomeka kijiti penye ukingo wa maji, akakitia alama kwa kisu, akapika chai. Binamu yangu alikuwa na kazi ya Jumatatu mjini, akauliza mara tatu kama twaweza kuondoka. Mzee alikitazama kijiti tu. Ilipofika saa saba mchana maji yalikuwa yameshuka shubiri mbili chini ya alama, ndipo akasema tufungue mitumbwi.