Fundi wa Mwanga Mchache

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliingia Culham, karibu na Oxford, katika miaka ya 1980, mtambo wa JET, wa majaribio ya muunganiko wa nyuklia, ukiwa bado mpya. Aliajiriwa kuwa fundi wa leza. Kabla hajakabidhiwa hata kioo kimoja, wakubwa zake wa kazi walimsimulia habari za Moscow, maana kwao huko ndiko kazi hii ilikojipatia heshima.

Mwaka 1968, mjini Novosibirsk, Lev Artsimovich alitangaza kwamba elektroni ndani ya T-3, tokamaki ya Taasisi ya Kurchatov ya Moscow (mtambo wa umbo la bangili unaoizuia kwa sumaku plazima, yaani gesi ya moto ambayo elektroni zimeachana na viini vyake), zimefikia joto la nyuzi milioni 10 hivi. Wengi huko Magharibi walitia shaka: pengine vipimo vya Warusi vilipotoshwa na elektroni chache zenye kasi ya kupindukia. Artsimovich akawaalika Waingereza waje wapime wenyewe kwa leza yao. Nicol Peacock, Derek Robinson, Mike Forrest na Peter Wilcock wakaenda na shehena ya tani 5 za vifaa, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto, wakafanya kazi pamoja na mwenyeji wao, Sannikov. Jibu lilichapishwa katika jarida la Nature Novemba 1969: Warusi walisema kweli. Mwaka uliofuata watafiti wa Princeton, Marekani, walikuwa wameshaugeuza mtambo wao, Model C, kuwa tokamaki.

Siri ya kupima joto kwa leza imo katika rangi. Mwanga wa leza ya yakuti ni mwekundu wa rangi moja tu, nanomita 694. Ukizipata elektroni hutawanyika, na kasi ya kila elektroni huisogeza rangi hiyo kidogo, nyingine kuelekea buluu, nyingine kuelekea wekundu zaidi. Plazima ikizidi kuwa moto, rangi ile moja hutanuka ikawa utepe mpana, na upana wa utepe huo ndio unaotaja halijoto.

Kwenye JET njia hii ilitumika kwa mtindo wa rada. Mwale wa pikosekunde 300 ulipita dirishani ukaingia kwenye plazima, na mwanga uliotawanyika ukarudi kama mwangwi kutoka bondeni: wa karibu ukitangulia, wa upande wa pili ukifuata. Kwa kupima muda wa kurudi, mwale mmoja ulitosha kuchora halijoto kutoka ukingo hadi ukingo, kwa vipande vya sentimita 12 hivi. Fundi huyu alikuwa akiipenda sana michoro ile.

Lakini siku zake nyingi ziliishia kwenye kupambana na mwanga usiotakiwa. Kati ya fotoni trilioni zinazotumwa, hata moja huenda isirudi kwenye kitambuzi. Mwanga wa leza ukigonga ukuta na kurudi bila kupita kwenye elektroni, huufunika ule unaotafutwa. Ndiyo maana vichujio viliwekwa kuuzuia. Kisha kuna dirisha lenyewe. Vumbi linalong'oka kwenye kuta za mtambo hulikalia kioo taratibu, na utando ule unaweza kumeza buluu kuliko nyekundu. Hapo utepe huonekana mwembamba kuliko ulivyo, na plazima husomeka baridi kuliko ilivyo. Hakuna kengele inayolia. Dawa yake ni taa ya tangisteni ambayo mng'ao wake unajulikana, na subira ya kupima tena kila rangi. Anaamini hadi leo kwamba namba ya halijoto isiyo na upimaji huo nyuma yake haistahili kuwekwa mezani.

Novemba 1991 JET iliunguza tritiamu, aina nzito ya haidrojeni, kwa mara ya kwanza, na mwaka 1997 ikafikia megawati 16 za nguvu ya muunganiko. Elektroni zilipopita nyuzi milioni 100, fundi aliona kwenye skrini jambo alilokuwa amelisoma tu: utepe mzima ukisogea upande wa buluu, kwa sababu elektroni sasa zilikaribia kasi ambako kanuni za Einstein hazikwepeki. Hesabu zilizoliacha jambo hilo zingetoa jibu la uongo.

JET ilizimwa Desemba 2023, yeye akiwa amekwisha kustaafu. Vijana wanaoiandalia leza ITER, tokamaki inayojengwa kusini mwa Ufaransa, humwuliza kuhusu madirisha. Shida yao ni kubwa zaidi: kioo cha kwanza cha kuakisi mwanga kitaitazama plazima uso kwa uso, kikiliwa na chembe zake au kufunikwa na mabaki ya kuta. Ushauri wake kwao ni kuipangia nafasi njia ya kukisafisha na kukipima upya mtambo ukiwa umefungwa, kabla bomba moja halijachomelewa.