Jani Moja la Sentipolia

Msomaji, mimea mingi ya bustani huoteshwa kwa mbegu, na mingine kwa vipande vya matawi. Lakini upo mmoja mdogo usiohitaji mbegu wala tawi. Ukipata jani lake moja umeupata wote. Huo ni sentipolia, ambao yamkini umewahi kuuona dirishani mwa nyumba fulani, katika chungu kidogo, majani yake manene yenye vinyweleo laini yamejipanga duara, na maua ya zambarau yenye kitovu cha manjano yamesimama katikati.

Wengi hudhani kuwa ni pambo lililoletwa na wageni. Kinyume chake ndicho kweli: wageni ndio walioupeleka kwao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala katika sehemu za Tanga na Usambara, aliuona huko akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akaupa jina la jamaa hiyo. Tangu hapo umeingia katika nyumba zisizo na idadi za Ulaya na Marekani, na wakuza maua wameuchanganya hata ukatoa maua meupe, ya waridi, na yenye pindo. Mwaka 2015 wataalamu waliutia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wapenzi wa maua hawakushughulika na habari hiyo. Wao wameshika jina la zamani, na mimi nimo miongoni mwao.

Basi, mwombe jirani aliye nao akupe jani. Usichague la nje kabisa, kwa kuwa limezeeka, wala la katikati, kwa kuwa halijakomaa. Chagua la safu iliyo kati ya hayo mawili, zima, lisilo na doa. Kwa wembe safi, kata kikonyo chake mshazari, ukibakiza sentimita 3 au 4. Changanya udongo wa majani yaliyooza na mchanga wa mto uliooshwa vizuri. Ukikaa pwani usitumie mchanga wa ufukweni, maana chumvi yake itakiua kikonyo kabla hakijaota. Loweshea mchanganyiko huo kidogo, kisha chomeka kikonyo kiingie sentimita 1 au 2, jani likiegemea nyuma. Funika kwa chupa kubwa ya kioo, uiondoe kitambo kidogo kila siku chache hewa iingie, na weka chombo mahali penye mwanga pasipopigwa na jua kali.

Hapo ndipo subira inapojaribiwa. Kwa wiki 3 au 4 hutaona jambo lolote, maana kazi yote inafanyika chini ya udongo. Vijana wengi hulivuta jani kila baada ya siku chache ili watazame kama limetoa mizizi, na kwa kulivuta huikata ile ile mizizi waitafutayo. Liache. Baada ya miezi 2 au 3 vijani vidogo kama masikio ya panya vitachomoza kando ya kikonyo, na aghalabu si mche mmoja bali kadha. Vijani vikifikia ukubwa wa sarafu, itenge miche kwa upole, kila mmoja chungu chake. Maji uyatie katika kisahani kilicho chini ya chungu, yasiwe baridi. Maji baridi yakiangukia majani huyaachia madoa yasiyotoka tena.

Jambo hili huwezekana kwa sababu seli zilizo karibu na mkato hurudi katika hali ya utoto, zikaanza upya kujenga mzizi na chipukizi. Kwa hiyo mche utokao hapo haumfanani mama yake tu. Ni yeye mwenyewe. Isipokuwa aina chache zenye maua ya mistari iliyotawanyika kama njiti za gurudumu, ambazo majani yake kwa kawaida huzaa mimea isiyo na mistari hiyo.

Fikiri maana yake. Mimea elfu iliyotoka katika jani moja ni mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Ugonjwa uwezao kuuua mmoja waweza kuiua yote. Ndiyo maana siwakubali wasemao kwamba sentipolia haiwezi kupotea, ati kwa kuwa imejaa madirishani. Kwetu Kenya, sentipolia ya Taita huota kwa asili katika msitu wa Mbololo tu, na nyingine hushikilia miamba ya chokaa ya Cha Simba, karibu na Kaloleni. Miti inayoitilia kivuli ikikatwa, jua huukausha mwamba, na mimea hufa ingawa hakuna aliyeigusa. Aendaye kuing'oa huko apate pambo la nyumba hufanya uharibifu usio na haja, hali jani la jirani lingalimtosha. Huko mwambani sentipolia haizaliani kwa wembe wa mtu. Maua huchavushwa na wadudu, mbegu ndogo kama vumbi huangukia nyufa zenye unyevu na kuvumwani, na kila mche uchipukao hapo una tofauti yake ndogo na ndugu zake.